Mwaka Niliosema kwa Chaki

Bahasha ilikuwa haijafunguliwa. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe hata kuonja chai niliyokuwa nimepewa. Nilikuwa nimekuja Kondoa kuhani, nimekaa barazani kwenye nyumba ya marehemu Issa, na mjane wake, Bi Mwajuma, aliyekuwa ametoka eda wiki ile, aliingia ndani akarudi na bahasha ya kahawia yenye mwandiko wangu wa ujanani. Gundi ilikuwa bado imeshika mdomo wake wote. Pembe zilikuwa zimelainika kama kitambaa, kwa kushikwashikwa, lakini hapakuwa na mahali palipochanwa. "Kitu chako hicho, shemeji," aliniambia. "Aliniachia wosia nikurudishie mkononi." Barua hiyo niliituma zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Miaka yote hiyo niliamini kwamba ilimfikia, akajua nilichosema, akaamua kutonijibu. Nilikuwa nimeizoea adhabu ya ukimya wake na nikaiona ya haki. Sikuwahi kufikiri kwamba hajui nilimwambia nini.

Sitasimulia nilikozaliwa wala wazazi wangu walikuwa nani, maana havihusiki. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na mashine ya kukamua alizeti pale Kizota, Dodoma mjini. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina mwandiko ambao wakubwa waliusifu, na kazi yangu ilikuwa kukaa peke yangu kati ya magunia na vitabu, jambo lililonifaa sana. Watu wakizidi watatu, maneno yalikuwa yakinikauka mdomoni. Kisha mambo yakageuka nchini. Biashara zikafunguliwa, mashirika yakaanza kuyumba, na asubuhi moja tuliitwa kumi na wanne ofisini tukaambiwa tumepunguzwa kazini. Wenzangu walipiga kelele, mmoja alilia. Mimi nilisema "asante." Mpaka leo sielewi nilimshukuru yule bwana kwa lipi.

Kiinua mgongo changu nilikinunulia mashine. Nilifikiri, na ninaona aibu kuandika hivi, kwamba mashine ni kazi ya mtu asiyetaka kusema na watu: alizeti inaingia juu, mafuta yanatoka chini, mashudu yanatoka pembeni, basi. Nilikodi banda la mabati lililokuwa karakana ya seremala. Upande wa mbele ilikaa mashine na mota yake, na mlango mpana wa kuingizia magunia. Nyuma kulikuwa na chumba changu, chenye kitanda, meza, na dirisha dogo la waya lililotazama mlangoni. Ukuta wa nyuma wa chumba hicho ulikuwa ndio ukuta wa mgahawa wa Mama Chausiku, bati moja tu kati yetu. Mchana alinipitishia chakula kwenye upenyo wa bati: ugali wa uwele, mlenda, siku njema kipande cha nyama. Nilikula peke yangu nikisikiliza wateja wake wakicheka upande wa pili. Nilizisikia habari zote za Kizota bila kuchangia hata neno. Nilidhani huko ndiko kuishi na watu.

Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Wakulima walipita na mikokoteni yao wakaenda kwa wengine, na mimi nilikaa dirishani nikiwatazama. Mwisho nilipanda basi mpaka Kibaigwa, kwenye soko kubwa la mahindi, nikatafute wenye alizeti. Nilisimama kando ya malori tangu asubuhi mpaka jua la saa nane. Madalali walipita wakipiga kelele, wapakuzi walinisukuma kwa magunia, na kila nilipofungua mdomo nilimeza mate. Ndipo mtu mmoja mwembamba, mwenye kofia ya kufuma iliyokaa upande, alinijia akanizunguka mara mbili kama anayenunua ng'ombe.

"Bwana, wewe ni polisi au umekimbiwa na mke?"

Nilimjibu kitu, nadhani nilisema nina mashine.

"Nini? Sema kwa sauti, kuna watu nyuma!"

Nilitazama nyuma. Hapakuwa na mtu, kulikuwa na lori tu. Aliangua kicheko, akanishika mkono, akanipeleka kula wali. Huyo ndiye Issa, Mrangi wa Kondoa, dalali, mkazi wa Makole, ambaye alikuwa na uwezo wa kumfanya mtu aliyefiwa atabasamu. Kabla ya sahani kuisha tulikuwa tumeelewana: mimi nikamue, yeye alete watu na kusema nao, na mashudu yote yawe yake auze kwa wafugaji. Alinizidi miaka mitano hivi, nikamwita Kaka Issa. Yeye aliniita karani.

Mwaka ule ulianza siku hiyo. Issa alileta wakulima wa Kongwa, wa Bahi, wa Mpwapwa. Wazee wa Kigogo aliwaamkia "mbukwenyi" kwa matamshi mabaya makusudi, ili wacheke na kumsahihisha. Akina mama aliwashika magunia kabla hawajaomba. Mimi kwa upande wangu niliijua ile mashine kama mkono wangu. Kwa sauti ya mkanda tu nilijua alizeti haijakauka, na nilimrudishia mtu gunia lake likaanikwe tena kwenye turubai badala ya kumtolea mafuta machache yenye maji. Yalikuwa mafuta mazuri, maangavu kama chai isiyokolea, nayachuja mara mbili kwa kitambaa. Watu waliyasifu. Lakini yote niliyotaka kuwaambia niliyaandika ubaoni. Nilitengeneza ubao kwa kipande cha mbao nilichokipaka masizi na gundi, nikautundika kando ya mlango, na kila asubuhi niliandika kwa chaki: bei ya siku, zamu za magunia, kwamba umeme utakatika, kwamba mashudu yaulizwe kwa Issa. Hata "karibuni" niliiandika.

Issa naye alikuwa na desturi yake. Alipofika asubuhi, kabla ya kunywa chai, alisimama mbele ya dirisha langu akagonga waya. "Haya karani, tusomee ya leo. Sauti yako isije ikaota kutu." Nami nilimsomea ubao wote kupitia dirishani, kwa sauti, huku akinikatiza: "Sema kwa sauti, kuna watu nyuma!" Kisha alijiweka mahali pake, mgongo karibu na ubao, akawatangazia wateja yote niliyoyasoma bila kukosea nukta. Niliamini anafanya hivyo ili anizoeze kusema. Nilimshukuru moyoni, na pengine nilikuwa sahihi kwa nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa mbele ya macho yangu kila siku kwa miezi tisa, na sikuiona.

Siku niliyoiharibu ilianza na sahani ya mlenda. Ilikuwa mchana, mashine imezimwa ipoe, nami nimekaa kitandani nakula. Upande wa pili wa bati Issa aliingia mgahawani na wageni, nikasikia benchi zikivutwa.

"Kwanza tuambie," mgeni mmoja alisema kwa sauti nzito, "mashine hii ya nani? Ya yule wa dirishani?"

"Yule?" Issa alicheka. "Yule karani wangu. Mashine ni yangu."

"Yako kabisa?"

"Yangu kabisa. Yule nimemweka ndani aandike. Hata salamu simruhusu, atanipotezea muda."

Watu walicheka, na Mama Chausiku alicheka pamoja nao. Niliweka sahani chini. Niliisikia "yangu kabisa" ikijirudia kichwani kama mkanda uliolegea. Kiinua mgongo changu, miaka yangu kumi na moja ghalani, mashine niliyoipangusa kwa fulana yangu mwenyewe, na mtu niliyemwita kaka ananiita mtumishi wake mbele ya mama anayenilisha.

Mtu mwingine angetoka nje. Angesema, "Issa, nimesikia, una maana gani?" Maneno matano tu. Niliyapanga usiku kucha, nikayapanga kesho yake nikiwa nakamua, na Issa alipoingia kunywa maji aliniuliza, "Karani, unaumwa?" Nikatikisa kichwa. Siku tatu nilikuwa na nafasi ya kuuliza swali moja, na siku tatu nilinyamaza. Siku ya nne, kabla ya jua kuchomoza, nilishika chaki.

Nayakumbuka maneno yote. "TANGAZO. ISSA SI MWENYE MASHINE HII. KUANZIA LEO SI MFANYAKAZI WA HAPA. MWENYE MASHINE NI MIMI, ELIA." Niliandika kwa herufi kubwa, nikaupangusa ukingo wa ubao uwe safi, nikautundika, nikaingia chumbani nikafunga komeo. Nilikusudia aje, asome, aondoke. Sikutaka kuuona uso wake akisoma, lakini nilikaa dirishani.

Alikuja saa moja na nusu akipiga mluzi. Wakulima wanane walikuwa wameshafika na mikokoteni. Aligonga waya. "Haya karani, tusomee ya leo." Sikujibu. Nilikuwa nimejibanza ukutani, sipumui. Aligonga tena. "Elia? Amelala huyu. Haya, alale, jana alichoka." Akageuka, akajiweka mahali pake, mgongo karibu na ubao, akaanza kutangaza mambo ya jana. Bei ya jana. Zamu za jana. Aliyasema yote kwa furaha yake ileile, mkono ukielekeza nyuma kwenye ubao, "Kama mnavyoona hapo, kila kitu karani ameandika."

Wakulima waliutazama ubao, wakamtazama yeye. Mzee mmoja aliinamisha kichwa akajifanya anafunga kamba ya gunia. Vijana wawili walitazamana, mmoja akaziba mdomo. Kwetu mtu mzima haaibishwi hadharani, na kila mmoja alimwachia mwenzake kazi ya kumwambia. Nami nyuma ya waya ndipo nilipoelewa. Issa alikuwa hajui kusoma. Dalali mwenye maneno kuliko redio, aliyekumbuka jina la kila mkulima na la mke wake, alikuwa akinifanya nimsomee kila asubuhi kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Aliziogopa herufi kama mimi nilivyoogopa watu, na kwa miezi tisa tulikuwa tumefichana, kila mmoja akijisetiri kwa mwenzake.

Bado nilikuwa na nafasi. Nawaambieni hivi kwa sababu ndicho kinachoniuma zaidi. Komeo lilikuwa karibu na mkono wangu. Ningetoka, ningeshusha ule ubao, ningesema nimekosea. Nilisimama. Mkono wangu ulifika kwenye komeo, na macho ya watu wanane nje yakanirudisha nyuma.

Mama Chausiku alitoka na birika la chai. Alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima na alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti kila alichokutana nacho, hata maandishi ya mifuko ya saruji, akivuta silabi moja moja. "Ta-nga-zo," alisoma huku akitabasamu. "I-ssa si mwe-nye..." Birika lilimwinamia mkononi, chai ikamwagika vumbini.

Issa aligeuka akautazama ubao kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anauona. "Endelea, mama," alisema.

"Baba, tuache tu."

"Soma mpaka mwisho."

Alisoma mpaka mwisho, na kila silabi ilichukua muda wake. Sijawahi kusikia maneno yangu mwenyewe yakisomwa polepole namna ile. Alipofika kwenye jina langu Issa alivua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni. Akalijia dirisha. Alijua nipo. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha kuliko matusi.

"Elia," alisema. Hakuniita karani. "Si ungeniita tu."

Akaondoka kwa miguu kuelekea Makole. Wakulima walianza kugeuza mikokoteni yao mmoja baada ya mwingine. Yule mzee wa kamba alikuwa wa mwisho, na kabla ya kuondoka alikisukuma kichwa cha ng'ombe wake mbali na banda langu, kama mtu anayemkwepesha na moshi.

Mchana ule chakula hakikupita kwenye upenyo wa bati. Mama Chausiku alikileta mwenyewe mlangoni, akakiweka chini, akasimama mikono kiunoni. "Unajua watu wanakusemaje?" aliuliza. Sikujua. "Wanasema umefukia kitu chini ya mashine. Kuna mtu wa Bahi alikusalimu mara tatu hapo dirishani, ukamtazama tu. Alifika kwake akakuta maksai wake amekufa. Habari ikaenea mpaka Kibaigwa, kwamba mwenye mashine ya Kizota haitikii salamu kwa sababu ana masharti ya mganga. Watu wakagoma kuleta alizeti. Issa ndiye aliyesema mashine ni yake. Alisema, 'Yule karani tu, nimemkataza kuzungumza.' Wakacheka, wakaja. Miezi minne sasa amekubeba mgongoni, na alitukataza tusikwambie. Alisema, 'Akisikia hivyo hatatoka chumbani tena.'"

Nilikumbuka mtu wa Bahi. Nilikumbuka hata shati lake. Salamu yake ya kwanza ilinikuta nikihesabu zamu, ya pili nikatafuta jibu, ya tatu nikaona nimechelewa mno kujibu.

Jioni ileile nilitembea mpaka Makole. Nilifika kwenye mlango wa Issa, taa ya chemli ikiwaka ndani, harufu ya maharage yenye nazi ikitoka dirishani. Nilimsikia mkewe akiuliza, "Sasa tutafanyaje?" na Issa akijibu, "Tutarudi nyumbani, kwani tulizaliwa na mashudu?" Mkewe akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyelia. Nilikuwa hatua mbili kutoka mlangoni. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, hodi. Nililisema moyoni mara nyingi. Kisha nikarudi Kizota. Baada ya siku chache nilisikia wamehamia Kondoa, na kabla ya mvua kuanza niliiuza mashine kwa mtu wa Singida kwa sababu hapakuwa na gunia la kuitia. Aliyeinunua alichimba sakafu kwanza kabla ya kuibeba, nami nilisimama nikamtazama akichimba. Hakukuta kitu.

Ndipo nikaandika barua. Kurasa nne, mwandiko mzuri, kila kosa kwa jina lake. Nilijua Issa hawezi kusoma, hata hivyo nikaandika. Nilijiambia atasomewa. Ukweli ni kwamba nilichagua tena njia ambayo isingenidai kufungua mdomo, na nikampelekea maandishi mengine mtu niliyemuumiza kwa maandishi. Mambo haya nimeyajua kwa miaka mingi. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba bahasha ingenirudia mapajani ikiwa nzima.

"Wewe unajua kusoma, shemeji," nilimwambia Bi Mwajuma pale barazani.

"Najua. Nilisoma kisomo palepale Makole."

"Kwa nini hukumsomea?"

"Nilimwambia nimsomee siku ilipofika. Akaninyang'anya. Akasema, 'Elia ana miguu. Akitaka kuniambia, atakuja.' Akaiweka chini ya godoro. Kila lori la Dodoma likipita alitazama nje. Siku hizo barabara ilikuwa vumbi tupu, lori moja au mawili kwa siku. Baadaye walipoweka lami magari yakawa mengi, akachoka kutazama. Lakini hakuichana."

Nilitaka kufungua bahasha ili nimsomee yeye. Alinyoosha mkono akaichukua, akaikalia. "Hapana," alisema. "Hii imeshakaa. Umekuja na mdomo wako, sema."

Nikaanza. Nilisema habari ya bati na mlenda, habari ya siku tatu, habari ya komeo, habari ya usiku ule wa Makole nikiwa hatua mbili kutoka mlangoni pake. Nilipofika hapo alifumba macho. Sauti yangu ilikuwa ikinitoka kwa shida, chini chini, nikiyaelekeza maneno kwenye kikombe cha chai kilichokuwa kimeshapoa.

"Sema kwa sauti, shemeji," Bi Mwajuma alisema, macho yakiwa bado yamefumbwa. "Kuna watu nyuma."

Nilitazama nyuma. Watoto wa Issa wanne, watu wazima sasa, na wake zao na wajukuu, walikuwa wamesimama mlangoni wamejaa mpaka ukumbini, kimya, wananisikiliza. Mmoja wao alikuwa mwembamba, mwenye kofia iliyokaa upande. Nikaweka kikombe chini, nikasimama, nikaanza upya.